KUNG'OA JINO SI MWISHO WA MATIBABU: WAZAZI NA WALIMU TUNAKOSEA WAPI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Leo tunawaomba wasomaji wetu tuache kidogo mada tulizozizoea, tuzungumze kuhusu jino. Huenda mtu akauliza, maalim wa madrasa na meno wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba jambo hili limetukuta sisi wenyewe, hapa hapa Buyenzi, Bujumbura, na kosa lilikuwa letu. Tunalieleza ili mwenzetu asije akalirudia.

YALIYOTUKUTA

Kijana mmoja wa darasa letu la hifdhi, mwenye umri wa miaka 17, aling'olewa gego la chini siku ya Jumatatu asubuhi. Kwa kuwa ni kijana mwenye bidii, jioni ile ile alikuja madrasa. Ulipofika wakati wa Magharibi tulisimama penye mabomba kama kawaida yetu, tunaangalia wanafunzi wanavyotia udhu. Tukamwona anatia maji mdomoni kidogo tu, anainamisha kichwa, anayaacha yatoke. Hasukutui.

Tulimkemea mbele ya wenzake. Tukamuuliza, "Huo ndio udhu tuliokufundisha?" Akajibu kwa adabu, "Samahani maalim, daktari amesema leo nisisukutue." Sisi tukamwambia kuwa udhu haufundishwi hospitali. Kijana wa watu hakubishana. Alichota maji, akasukutua kwa nguvu mara tatu, akatema. Isha akafanya vile vile, na siku ya pili pia.

Usiku wa kuamkia Alhamisi maumivu yakamwamsha. Hayakuwa ya siku ya kwanza, haya yalikuwa makali zaidi, yanapanda mpaka sikioni, na mdomo unatoa harufu mbaya. Jirani mmoja akaleta vidonge vinne vya antibiotiki vilivyobaki nyumbani kwake. Mwingine akasema atiwe karafuu ya kusaga ndani ya shimo. Yote yakafanywa, na maumivu yakabaki pale pale. Ijumaa asubuhi mama yake akamrudisha kwa daktari wa meno. Daktari akakuta shimo tupu, mfupa unaonekana, na uchafu wa karafuu na chakula umejaa ndani. Akaliosha taratibu, akatia dawa yake, na kabla ya Ijumaa kuswaliwa kijana alikuwa amepata nafuu kubwa.

Daktari alimuuliza, "Ulisukutua?" Akasema ndiyo. Akamuuliza tena, "Nani alikwambia?" Akanyamaza. Mama yake ndiye aliyekuja kutusimulia: "Maalim, mtoto amekataa kabisa kukutaja."

Ndugu msomaji, maneno hayo yametuuma kuliko jino. Daktari hakusema kuwa maji peke yake ndiyo chanzo, kwani magego ya chini yana shida zake. Lakini kijana alikuwa na maelekezo sahihi mkononi, na sisi ndio tuliomtoa kwenye maelekezo hayo kwa sauti ya dini.

SHIMO LA JINO LINAPONAJE?

Jino likishatoka, shimo hujaa damu. Damu ile huganda ndani ya muda mfupi na kuwa bonge laini. Wengi wetu tukiliona kwenye kioo tunadhani ni uchafu unaofaa kutolewa. La hasha. Bonge lile ndilo bandeji aliyoijaalia Mwenyezi Mungu. Linafunika mfupa na mishipa ya fahamu, linazuia damu isiendelee kutoka, na ndani yake ndimo nyama mpya inamoanza kuota. Nyama ya juu huanza kufunga katika wiki moja hadi mbili, na mfupa wa chini huchukua miezi kadhaa kujijenga.

Bonge likitoka au likiyeyuka mapema, mfupa unabaki wazi. Hiyo ndiyo hali iliyomkuta kijana wetu. Madaktari huiita shimo kavu. Dalili yake ni kwamba maumivu, badala ya kupungua kila siku, yanazidi kuanzia siku ya pili hadi ya nne. Kwa meno ya kawaida huwapata watu wachache, yapata 2 hadi 5 katika kila 100, lakini huwa wengi zaidi wanapong'olewa magego ya mwisho ya chini, yale yanayoota ukubwani. Wavuta sigara hupatwa zaidi, na pia akina mama wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango.

Kwa hiyo kazi ya mgonjwa, na ya kila aliye karibu naye, ni moja tu: kuliacha bonge lile likae. Asilinyonye, asilisukume kwa ulimi, asilichokonoe kwa kijiti, asilioshe kwa nguvu.

SHERIA HAIKUTUAMRISHA TULICHOAMRISHA

Turudi kwenye udhu, kwani hapo ndipo tulipoteleza. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu Waswahili ndiyo tuliyoisomea, kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho. Asiyesukutua udhu wake umetimia. Imam Abu Hanifa amesema ni sunna katika udhu na ni faradhi katika josho la janaba. Imam Ahmad amesema ni wajibu katika yote mawili. Lakini hata kwa wanaosema ni wajibu, kusukutua kwa nguvu si sharti. Mgonjwa akitia maji mdomoni polepole na kuyaacha yatoke, ametekeleza. Tena dharura ya ugonjwa ina hukumu zake, na kila mmoja amuulize shekhe wake.

Tukumbuke pia hadithi ya Laqiit bin Sabira (R.A.), waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza atimize udhu wake vizuri na azidishe kupandisha maji puani, isipokuwa akiwa amefunga. Basi ikiwa kuzidisha kunaachwa kwa sababu ya saumu, sisi tulipata wapi ujasiri wa kumlazimisha kuzidisha mtu mwenye jeraha bichi mdomoni?

Na iko hadithi nyingine, nzito zaidi, ambayo tumeisomesha miaka mingi bila kujiona sisi wenyewe ndani yake. Ameipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.). Mtu mmoja safarini alipasuliwa kichwa kwa jiwe, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na hamu ya kushika dini, kama sisi tulivyokuwa pale penye mabomba. Sisi tumesalimika kwa kuwa lilikuwa jino tu.

Wala tusidhani kwamba kufuata maelekezo ya daktari ni jambo la kigeni kwetu. Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu Mwislamu wa Andalusi aliyefariki karibu mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake cha At-Tasrif sura nzima kuhusu kung'oa meno. Alihimiza jino litibiwe kwanza kwa kila njia kabla ya kung'olewa, na akawaonya watu juu ya vinyozi wajinga wanaong'oa kwa pupa, hata wakatoa jino zima na kuliacha bovu.

SIKU YA KWANZA

Haya tunayoyaeleza ni yale ambayo madaktari wa meno huwaambia wagonjwa wao. Kama daktari wako amekwambia tofauti kwa sababu ya hali yako, mfuate yeye.

(i) Uma pamba uliyopewa, kwa uthabiti, kwa muda wa nusu saa hivi. Usiitoe kila dakika kuangalia. Kwa ajili hiyo ni bora kung'oa jino asubuhi, ili Adhuhuri ikukute pamba imeshatoka na mdomo umetulia. Katika madhehebu ya Shafii damu ya mdomoni haitengui udhu. Kwa Hanafi hutengua ikiwa imezidi mate.

(ii) Usisukutue na usiteme kwa nguvu kwa muda wa saa 24. Mate yenye damu yaache yadondoke yenyewe kwenye karatasi laini au kitambaa. Mate kuwa mekundu mekundu siku hiyo ni kawaida.

(iii) Usinywe kitu kwa mrija. Kunyonya kunalivuta bonge.

(iv) Usivute sigara wala kutia ugoro, si siku hiyo tu bali angalau siku 3. Tunasema na akina baba hapa: kama hukuweza kuiacha kwa dalili tulizokusomea, basi iache kwa ajili ya shimo hilo, na Inshaallah usiirudie.

(v) Kula laini na kilichopoa: uji uliopoa, mtindi, ndizi mbivu, viazi vya kuponda. Chai ya moto iache. Ndagala wakavu, karanga na wali waache kwanza, kwani vipande vyake huingia shimoni. Tafuna upande mwingine.

(vi) Usinyanyue mizigo wala kucheza mpira siku hiyo. Ukilala, inua kichwa kwa mto wa ziada. Shavu likivimba, weka kitambaa cha baridi kwa nje.

(vii) Mtoto aliyechomwa sindano ya ganzi asimamiwe mpaka ganzi iishe, saa kadhaa. Watoto wengi hujiuma mdomo na shavu bila kujua, na kesho yake mama anadhani ni ugonjwa mpya.

BAADA YA SAA 24

Sasa ndipo maji ya chumvi yanapofaa. Chukua nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu yaliyochemshwa. Yatie mdomoni, geuza kichwa taratibu huku na huku, kisha yaache yatoke. Fanya hivyo mara kadhaa kwa siku, hasa baada ya kula, kwa muda wa wiki hivi. Kumbe yule kijana alichokuwa akifanya kwenye udhu wake ndiyo namna yenyewe ya kuosha kidonda!

Mswaki usiachwe. Mdomo mchafu hucheleweshwa kupona. Piga mswaki meno mengine, na ukitumia mswaki wa mti, sunna ya Mtume wetu (S.A.W.), angalia nyuzi zake zisiingie kwenye kidonda. Sehemu ya shimo ipitie mbali siku za mwanzo.

DAWA ZA MAJIRANI

Kuhusu maumivu, parasetamoli inawafaa wengi kwa kipimo kilichoandikwa. Ibuprofeni husaidia pia, lakini mwenye vidonda vya tumbo, pumu, ugonjwa wa figo au mama mjamzito asiinywe bila kumuuliza daktari. Aspirini inazidisha kutoka damu, na watoto hawapewi. Kuna wanaoiweka aspirini juu ya ufizi. Hiyo inaunguza nyama.

Antibiotiki si dawa ya maumivu. Shimo kavu haliponi kwa antibiotiki, linahitaji kuoshwa na kuwekwa dawa na daktari. Kumeza vidonge vinne vya jirani hakutibu kitu, bali kunawazoesha vijidudu dawa, na siku utakapoihitaji kweli haitafanya kazi. Ukiandikiwa na daktari, maliza kama ulivyoelekezwa.

Na karafuu je? Ni kweli mafuta ya karafuu yana kitu kinachotuliza maumivu, na baadhi ya dawa anazoweka daktari kwenye shimo kavu zina kitu hicho hicho. Lakini daktari huosha kwanza, na huweka kwa kipimo. Unga wa karafuu uliosagwa jikoni ukiingia kwenye kidonda unabaki humo kama taka. Karafuu haina kosa, kosa ni la mkono ulioitia.

Kabla ya kung'oa, mwambie daktari kama una kisukari, presha, ugonjwa wa moyo, ujauzito, au kama katika ukoo wenu kuna watu wanaotokwa damu isiyokoma. Anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda aseme, lakini asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta hatari kubwa kuliko jino.

LINI URUDI HOSPITALI?

Usingoje wala usione haya ukiona haya yafuatayo:

- Damu inaendelea kububujika hata baada ya kuuma pamba au kitambaa safi kwa nusu saa, na kurudia mara ya pili.
- Maumivu yanazidi badala ya kupungua kuanzia siku ya pili au ya tatu.
- Uvimbe unaongezeka baada ya siku 3, au kuna homa, au usaha.
- Mdomo haufunguki vizuri.
- Uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni, kumeza ni tabu, au pumzi ni nzito. Huyu apelekwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Uambukizo wa namna hii unaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

KWA MWENYE KUFUNGA

Wengi hutuuliza kuhusu Ramadhani. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Jidda mwaka 1997, ilipitisha kuwa kung'oa jino hakufunguzi, maadamu mtu hakumeza kilichofika kooni. Sindano ya ganzi pia haifunguzi, kwani si chakula.

Hata hivyo tuangalie hali halisi. Daktari anamwambia mgonjwa asiteme kwa nguvu, na mfungaji anaogopa kumeza damu. Atafanya lipi? Tena anahitaji dawa ya maumivu, anahitaji maji. Kwa maoni yetu, kama jino linaweza kungoja kwa idhini ya daktari, lingolewe usiku au baada ya mwezi. Kama haliwezi kungoja, basi ni mgonjwa, na mgonjwa Mola wake amempa ruhusa katika Suratul Baqara ya kufungua na kulipa siku nyingine. Asijitese kwa kuogopa maneno ya watu.

RAI YETU

Ndugu zangu walimu, mtoto anapotoka hospitali anabeba maelekezo ambayo ni amana. Huyabeba akipita kwa mama, kwa bibi, kwa jirani, kwa kocha wa mpira, na kwa maalim. Kila mmoja anampenda na kila mmoja ana neno la kumwambia. Akiwa na adabu, ndiyo hatari zaidi, kwa sababu atawatii wote na daktari ataachwa wa mwisho.

Sisi katika madrasa yetu tumekubaliana mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi aliyeng'olewa jino apumzike siku hiyo nyumbani, na darsa atalipiziwa. Pili, mzazi amtume na ujumbe, hata kwa simu, kutujulisha alichoambiwa na daktari. Tatu, mwanafunzi akisema "daktari amesema", hakuna maalim atakayemkatiza mpaka amsikilize mpaka mwisho, na akiwa na shaka ya kisheria aulize wenye elimu kabla ya kuamrisha.

Kijana wetu tumemwomba radhi, na tumemwomba mbele ya darasa lile lile tulilomkemea. Kwanza aliinamisha kichwa, akasema, "Yameisha, maalim." Ameshapona, na amerudi kwenye juzuu yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atusamehe pale tulipoamrisha bila kujua, na atujaalie tuwe wepesi wa kuuliza kuliko wepesi wa kukemea. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.